Behewa Alilolikataa Wilhelmina

Wilhelmina alikuwa hamwamini mtu, na mshahara wake ulitokana na hilo. Miaka kumi na minane alipokea pamba kwenye chama cha ushirika, akizamisha mkono ndani ya magunia mpaka begani kutafuta mchanga na maji. Watu walinyunyizia pamba maji ili izidi uzito. Yeye akiigusa tu, alijua. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, Mzee Noorali alimchukua kwenye kiwanda chake cha mafuta ya pamba, njia ya Pasiansi, ingawa msimu uliopita Wilhelmina alikuwa amemrudishia shehena nzima ya pamba yenye maji. "Aliyenikamata mimi," Mzee alisema, "nani atamdanganya?"

Mimi nilikuwa mwendesha boila, mtungi wa mvuke ulioendesha mashine zote. Nilimheshimu, lakini sitaficha, alinichosha. Hata chai ya kantini aliinusa kwanza.

Mwaka wa mgawo mkubwa wa umeme, mafuta mazito ya boila nayo yakawa ya kusubiri meli, na kila meli ilikuja na bei yake. Redioni tukaambiwa nchi ina makaa yake ya mawe huko kusini, ya nini kuhangaika na ya wenzetu. Mzee akakubali. Kichomeo cha mafuta kiling'olewa kikauzwa, chaga za chuma za kuchomea makaa zikafungwa, na wakala wa makaa aitwaye Obedi akanipeleka mgodini wiki mbili nikajifunze. Makaa yakikosekana, boila litapoa na sisi watu thelathini na wawili tutakwenda nyumbani. Hilo lilijulikana mpaka kwa mfagiaji.

Behewa la kwanza lilifika stesheni Jumanne. Obedi alimkaribisha Wilhelmina kwa soda, akaikataa. Alipanda behewani, akafukua, akazamisha mkono. Ulitoka mweusi, umelowa.

"Yana maji," alisema.

"Mama, hayo maji ni ya kuzuia vumbi," nikamwambia. "Nimeona mwenyewe kule. Wanayamwagia wakati wa kupakia, vumbi lisiruke. Hakuna wizi hapo. Tuyachome tu."

Aliniangalia kuanzia kofia hadi viatu, akamwangalia Obedi, akanirudia mimi.

"Lirudi lilikotoka," alisema.

Mzee Noorali alimuunga mkono. Ndiyo kazi aliyomwajiria. Kabla ya jioni Obedi alishampata mteja mwingine, mwenye tanuri la matofali, na kwetu hakuleta tena. Tuliunguza kuni wiki tatu, kisha zikaisha na boila likapoa. Nilimchukia mwanamke yule, nasema wazi.

Yeye alikwenda mwenyewe kwenye lile tanuri, akayakuta makaa yale yale yanawaka vizuri. Alirudi akamwambia Mzee, mbele yetu sote, kwamba amekosea, akakabidhi funguo za chumba cha mizani. Sijamwona mkubwa mwingine akifanya hivyo.

Nilimfuata getini na hasira zangu. "Mama, mimi nilikwambia. Kwa nini hukuniamini?"

"Nilitaka kukuamini," alisema. "Hata nilikuwa naanza kushuka behewani. Lakini siku ile ulivaa nini, Josephat?"

Nikakumbuka. Shati jeupe jipya na kofia yake, vyote vina jina la kampuni ya Obedi. Alinipa kule mgodini, nami nilivivaa kwa maringo.

"Ungekuja na shati lako la kazi," alisema, "leo boila lingekuwa linawaka."