Nusu ya Shamba la Shangazi

Mwaka ule nilimaliza chuo nikarudi Vudee kungoja barua ya kazi. Barua ilichelewa. Nilikuwa na digrii ya sayansi, viatu visivyofaa kupanda mlima, na tabia ambayo mama yangu aliamini niliipata kwenye treni, mahali fulani kati ya Kampala na Same: kila nilichoambiwa nilitaka kujua kwa nini. Nilimuuliza mchungaji kwa nini, nikamuuliza na fundi wa mifereji kwa nini. Walinijibu kwa upole ule mtu anaoutumia kwa mgonjwa anayeweweseka.

Kwetu kulikuwa kumejaa wadogo zangu, kwa hiyo nililala kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane na binti zake wote walikuwa wameolewa. Aliishi na ng'ombe mmoja, aliyefungwa ndani mwaka mzima kama ilivyo kawaida yetu huku mlimani, ambako hakuna uwanda wa kuchungia na majani hukatwa na kuletwa mdomoni mwa mnyama. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba changa. Siku ya kwanza tu shangazi alinieleza habari zake. Aliyemtangulia alikosa majani kiangazi kimoja kibaya, akateremshwa tambarare, upande wa Ndungu, kwa ndugu mwenye kundi. Huko aliugua ugonjwa wa huko na haikurudi hata ngozi yake.

"Huyu hashuki," shangazi alisema. "Hata kama itabidi nile majani pamoja naye."

Shamba lake lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Nilipoliona mara ya kwanza baada ya kurudi niliona aibu kwa ajili yake. Ilikuwa kabla ya masika, na majirani wote walikuwa wakilima. Ukisimama juu uliona mlima mzima umegeuka mwekundu, umepambwa vizuri kwa mistari ya majembe. Katikati ya wekundu huo lilikaa shamba la shangazi kama kichwa cha mtu asiyechana nywele. Mabua ya mahindi ya vuli yalikuwa yamelazwa chini yanaoza. Juu ya mabua zilitambaa ngwara, zile fiwi zetu, jamii ya maharage, zikiwa na majani mapana ya kijani, zimejishika kila mahali. Bwana shamba wa serikali alikuwa amepita wiki iliyotangulia akihimiza kila mtu alime na kutengeneza matuta ya kukinga udongo. Alipofika kwa shangazi, nilisimuliwa, alitikisa kichwa akaendelea na safari.

Nilimuuliza kwa nini halimi.

"Ardhi imejifunika," alijibu. "Mimi niifunue ili nini?"

Sikuliona hilo kuwa jibu. Nilimwona mwanamke wa miaka sitini na kitu, mikono imekonda, na jembe limetundikwa ukutani lina kutu. Nikahitimisha kwamba nguvu zimemwishia na anaona haya kusema. Chuoni tulifundishwa kuangalia, kukisia, kisha kupima. Nilifanya mawili ya kwanza kwa haraka sana.

Huku kwetu ipo kazi ya pamoja tunayoiita msaragambo. Baragumu hupigwa alfajiri na watu hutoka na majembe, aghalabu kuzibua mifereji au kutengeneza njia. Lakini msaragambo huweza pia kwenda kwa mjane au mgonjwa. Mwenyewe haombi. Mtu wa ukoo wake humwombea, na yeye haambiwi, ili asilazimike kukataa kwa adabu. Baba alikuwa kazini Tanga, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mtu wa ukoo. Nilikwenda kwa mzee anayepiga baragumu, nikamwamkia, nikamweleza. Aliniangalia kama aliyekuwa akinisubiri.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne tunapita hapo tunajiuliza, huyu mama hana mtu wa kumsemea? Baba yako kila nikimgusia anacheka tu."

Kama ningekuwa msomi wa kweli ningejiuliza baba alikuwa akicheka nini.

Walikuja siku ya Jumanne, watu kama thelathini. Shangazi alikuwa ameondoka mapema kwenda kukata majani kandokando ya msitu. Nilitangulia mwenyewe na jembe jipya la kuazima. Kazi ilikwenda kwa nyimbo na utani; walinicheka nilivyoshika mpini, mama mmoja akauliza kama huko chuoni nililimia kalamu. Ngwara zilikuwa ngumu kung'oka. Tulizikata, tukazivuta pamoja na mizizi, tukazitupa pembeni zikawa lundo la kunifikia kifuani. Nilifurahi sana. Ilipofika saa tatu, nusu ya shamba ilikuwa nyekundu kama mashamba ya wenzake.

Ndipo shangazi alipotokea kwenye njia na mzigo wa majani kichwani.

Hakupiga kelele. Aliutua mzigo, akaamkiana na wote, mmoja mmoja, akiuliza habari za nyumbani kwa kila mtu na kungoja ajibiwe. Alinifikia mimi mwisho. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaingia jikoni. Nilidhani amezidiwa na furaha.

Haukupita muda akatoka na chakula. Aliyaleta makande ya jana yakiwa baridi, akaleta makande ya leo ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuchemka, mkungu wa ndizi mbivu, na vibuyu vyote vya maziwa ya mgando alivyokuwa navyo. Alitandika majani ya mgomba chini na kuwakaribisha.

Lazima nieleze: kwetu chakula ndicho kinachofunga msaragambo. Kikishaliwa, jembe haliinuliwi tena siku hiyo. Anayeinua anamtangazia mwenye nyumba kwamba hakushiba. Na chakula kikiletwa, hukikatai. Basi watu wakatazamana, wakatazama jua, ambalo lilikuwa bado liko chini, wakakaa.

"Mama," mzee wa baragumu alisema, akitafuna polepole, "haya mahindi yako bado yanabishana na meno."

"Nimewaonea huruma, baba. Kuleni."

"Na jua hili?"

"Jua halijawahi kulala na njaa. Kuleni ninyi."

Wakacheka. Mzee aliitazama nusu iliyobaki na ngwara zake, akamtazama shangazi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko wote. Nadhani yeye alielewa palepale. Walikula, wakashukuru, wakaweka majembe begani wakaenda zao. Mimi nilibaki nimesimama na jembe la kuazima.

"Lile," shangazi alisema akionyesha lundo la ngwara, "lilikuwa chakula cha ng'ombe cha kiangazi. Ulipoona majani ulidhani ni nini?"

Alinituma nianze kubeba lundo kulitandaza juani linyauke kidogo, maana ngwara mbichi yenye umande humvimbisha ng'ombe tumbo. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilonifundisha bila mimi kuuliza.

Toka siku hiyo nilimfuata shambani, na kadiri nilivyomtazama ndivyo nilivyozidi kushangaa kwamba niliwahi kudhani nguvu zimemwishia. Katika nusu iliyosalia alifyeka ngwara kwa panga, hakuzing'oa. Aliacha shina urefu wa shubiri, lenye vifundo viwili, na kutoka hapo zilichipua tena. Mvua ilipokaribia alishika fimbo ya mti mgumu iliyochongwa ncha. Alisogeza majani makavu kwa vidole vya mguu, akachoma shimo, akatia mbegu mbili za mahindi, akarudisha majani kwa mguu uleule na kupiga hatua. Hakuinama hata mara moja. Niliyainua majani hayo mwenyewe, wiki kadhaa tangu mvua ya mwisho, nikakuta udongo chini yake una unyevu na minyoo, mweusi, unashikika mkononi kama unga uliotiwa maji.

Katika nusu iliyolimwa ilibidi apande mahindi na ngwara upya. Nilitaka tuzipande zote siku moja tumalize. Alikataa. Ngwara hungoja mpaka mahindi yafike magotini. Ukiziwahisha hupanda juu ya mahindi na kuyanyonga, na ukizichelewesha hukosa mwanga. Nilimuuliza amejuaje. Akasema mwaka mmoja aliziwahisha.

Mahindi ya nusu iliyolimwa yaliota kwanza, na yaliota vizuri. Siwezi kuficha hilo, na wakati ule sikuficha. Nilimwita nikamwonyesha.

"Naona," alisema. "Ni mazuri."

Ukweli kwamba hakubishana ulinisumbua kuliko kama angebisha. Kisha ikaja mvua kubwa ya kwanza ya masika, ile inayonyesha kama inamwagwa kwa ndoo. Asubuhi yake udongo wa nusu yangu ulikuwa kwenye njia na kwenye migomba ya jirani wa chini, pamoja na mahindi mengi yaliyoota vizuri. Katika nusu nyingine maji yalikuwa yamepita kati ya mabua na mashina ya ngwara yakiwa safi. Mahindi yaliyobaki yalipofika magotini tukapanda ngwara; baada ya hapo mvua ikakatika kwa majuma kadhaa, na ngwara hizo changa za nusu yangu zikakauka karibu zote. Za kule zenye mizizi ya zamani hazikuonekana kujua kuwa mvua imekatika.

Nilitafuta makosa katika ushahidi huo, kama nilivyofundishwa. Nilimwambia shangazi kwamba nusu yangu ina mteremko mkali zaidi, kwa hiyo huenda si jembe lililoharibu. Alikwenda akasimama pale, akatazama chini na juu.

"Ni kweli," alisema. "Ina mteremko zaidi. Ndiyo maana sikuilima."

Ila hesabu ya ng'ombe ilikuwa palepale. Majani ya kiangazi yalikuwa nusu, na tumbo lake lilikuwa likikua. Mahindi yalipovunwa tulihifadhi kila bua. Mimi niliingia msituni kila asubuhi kutafuta majani, nikirudi na mzigo ambao shangazi aliupekua kama mwalimu anayesahihisha daftari, akitoa magugu machungu na kuyatupa. Mwezi wa nane ulipofika hata msituni palikuwa pamekauka, na yule ndugu wa Ndungu akatuma mtu. Alikuwa akipita mlimani kukusanya ng'ombe ambao wenyewe walishindwa kuwalisha. Tayari alikuwa na sita.

Mimi ndiye niliyesema ashuke. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku na mchana: mzigo mmoja kwa siku, siku zilizobaki mpaka kuzaa, ngwara zilizosimama. Hazikutosha. Nilimwambia shangazi kwamba ng'ombe aliye hai Ndungu ni bora kuliko aliyekufa kwa njaa Vudee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yule mtu alikuwa ameshamfunga ng'ombe kamba kwenye pembe na kumtoa nje. Ng'ombe alisimama akipepesa macho, maana hakuwa amezoea jua.

Shangazi alikwenda shambani peke yake. Tulimwona akipita kati ya ngwara mstari kwa mstari, akigusa hapa na pale, akivunja kijiti na kukiangalia ndani, akiinua majani makavu na kuyarudisha. Alichukua muda mrefu. Yule mtu alianza kukohoa kwa adabu. Shangazi aliporudi alifungua kamba, akamrudisha ng'ombe ndani, akatoka akampa yule mtu ndizi za njiani na kumwomba asalimie wote wa Ndungu.

"Shangazi," nilimwambia, "zitatosha?"

"Sijui."

"Sasa umeamua kwa kitu gani?"

"Kwa kuwa zitachipua tena mara mbili, siyo mara moja kama ulivyohesabu. Na kwa kuwa wewe hujaitwa kazini."

Wiki ya pili barua ya kazi ilifika. Ilikuwa shule ya Mwanga, na niliandika kuomba muda hadi muhula uliofuata, nikitaja sababu za kifamilia. Nadhani ni barua ya pekee katika faili langu ambayo ingewashangaza wakubwa kama wangejua mwenye sababu ana pembe.

Ngwara zilichipua mara mbili. Mara ya pili ilikuwa dhaifu, majani madogo kama sikio la panya, lakini yalichipua, katika ardhi ambayo sikuona tone la mvua likiigusa tangu mwezi wa sita. Nilipiga magoti nikachimba kwa vidole kutafuta unyevu unatoka wapi. Niliukuta kina cha mkono. Bado sijui hasa unafikaje hapo na unabaki vipi. Nina makisio matatu na nimeanza kuyapima.

Ng'ombe alizaa mchana mmoja mwanzoni mwa vuli, ndama jike, amesimama kabla hatujamaliza kumfuta. Shangazi aliniacha naye, akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi alikuwa na mafungu matatu ya ngwara. Ndiyo yote yaliyokuwa yamebaki.

Nilimsifu. Nilimwambia kwamba hakuna mtu pale chuoni ambaye angeweza kukadiria kiangazi kizima na kukosea kwa mafungu matatu tu.

"Nilikosea kwa mengi," alisema, akimwekea ng'ombe fungu la kwanza. "Nilidhani yangeisha wiki iliyopita. Sogea, unamzibia ndama."