Gari la Chini, Goti la Mama

Mama yangu alikwama ndani ya gari langu mbele ya kanisa, Jumapili moja, nyimbo zikiwa zimeshaanza. Lilikuwa gari la michezo, la milango miwili, la chini sana, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kukataa kukunjika. Alitoa mguu mmoja, wa pili ukabaki. Nikamvuta mkono, hakuinuka. Wakaja akina mama wawili wa kwaya, mmoja akamshika kwapa hili, mwingine lile, wakamtoa huku kitambaa chake cha kichwa kikianguka vumbini. Walicheka, naye akacheka. Lakini nilikuwa karibu, nikaona ni mdomo tu uliokuwa ukicheka.

Jumapili iliyofuata nilifika chumbani kwake mtaa wa Lindi, nikakuta kufuli mlangoni. Nilimpata njiani akitembea polepole, Biblia mkononi. Nikashusha kioo.

"Mama, ingia."

"Enda, baba. Leo nataka kunyoosha miguu."

Nilimfuata nyuma kwa mwendo wake mpaka kanisani, madereva wakinipigia honi. Hapo ndipo nilipoamua kuliuza.

Mimi ni fundi wa magari, nina gereji ndogo Gatina. Gari hilo nililikuta limetupwa nyuma ya ploti ya mtu, limegongwa, kuku wakitagia kwenye viti. Nilichukua miaka sita kulirudisha barabarani. Oili niliibadilisha kabla ya wakati wake, na hakuna mlio uliosikika ndani yake ambao sikuutafuta mpaka nikaupata. Sikutaka madoido. Nililishusha vidole viwili tu, nikalitia rimu za kijivu na ekzosi yenye mngurumo mzito, wa chini. Viti vilishonwa upya kwa ngozi nyeusi na uzi wa kahawia. Kila kifaa cha asili nilichokitoa nilikifunga kwa gazeti na kukiweka chini ya kitanda. Nilikulia Gatwekera, kwenye vichochoro ambamo hata mkokoteni haupiti. Nilipolipitisha gari lile barabarani mara ya kwanza, nilihisi kama nimemjibu mtu, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza chochote.

Wa kwanza kuja kuliangalia alikuwa kijana mwenye miwani ya jua.

"Niaje, fundi. Mbona haitoi milio ya risasi ukiachilia mafuta?"

"Haikutengenezwa hivyo."

"Hiyo ekzosi nitatoa, niweke yangu."

Nikamwambia gari limeshapata mtu. Nilidanganya, na sikujuta.

Siku mbili baadaye alikuja mama wa makamo, mwenye nyumba za kupangisha hapo hapo Gatina. Alikuja kwa miguu, amevaa sweta na viatu vya raba. Nilidhani ametumwa.

"Ni ya kijana wako, mathe?"

"Ni yangu. Kwani mimi siwezi kuendesha?"

Nikaomba msamaha. Nikamwonyesha fenda ya kushoto. "Hapa iligongwa kabla sijainunua. Nimenyoosha, nikapaka rangi. Huwezi kuona, lakini ni vizuri ujue."

Alipapasa mahali pale kwa vidole. "Mwingine angenyamaza," akasema.

Tulitoka kulijaribu, yeye kwenye usukani. Nilikuwa nimejiandaa kusikia gia zikilia. Hazikulia. Alipanda gia ya pili, ya tatu, bila gari kushtuka.

"Nimeendesha pikapu ya mawe na simiti miaka mingi," alisema bila kuniangalia. "Nyumba zimeisha. Mzee naye akatuacha. Sasa nataka kuendesha kitu hakibebi chochote."

Tuliporudi aligeuza miguu yote miwili nje kwa pamoja, akashika fremu ya mlango, akainuka. Nilimtazama. Sikuwahi kumwonyesha mama yangu namna ile ya kutoka.

Tulikubaliana bei, tukamaliza karatasi wiki hiyo. Nikampa na vile vifaa vya chini ya kitanda, endapo siku moja angetaka kulirudisha lilivyokuwa. Alipolitoa gereji sikusimama kulitazama. Niliingia ndani nikaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jioni nilienda Lindi. Mama alikuwa akichambua mboga.

"Nimeuza gari."

Mikono yake ikatulia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya goti lako."

"Nani alikutuma?" akauliza. "Mimi nilitembea ndio hiyo gari isikuwe shida kwako. Watu kanisani wananiambia, kijana wako ametengeneza kitu. Nilikuwa naskia vizuri moyoni."

"Ungeniambia, Mama."

"Na wewe ungeniuliza."

Hatukugombana. Tulikula, akaniongezea ugali kama kawaida, nikaondoka. Lakini maneno yale niliyabeba hadi kwangu Kawangware. Nilikuwa nimeuza kitu nilichokipenda kwa ajili yake, na papo hapo nikamnyang'anya kitu ambacho sikujua alikuwa nacho.

Baadaye nilinunua gari kuukuu la familia, refu, la milango mipana. Mama huingia bila kushikwa mkono. Siku ya kwanza alifunga mkanda, akatazama huku na huku.

"Ni nzuri," akasema. "Inakaa kama ya mtu ameoa."

Sijaoa. Nilicheka, akacheka, na safari hii macho yake pia yalicheka. Tangu hapo najaribu kumuuliza kwanza, hata mambo madogo: tupitie njia gani, dirisha nifungue au nifunge. Mara nyingi huniambia niamue mwenyewe.