Meli ya Ngano Iliyobeba Ndege

Mkataba niliotia sahihi Nairobi ulisema kazi za nyumbani. Nilipofika Riyadh nikawekwa mwezi mzima kwenye chumba cha wanawake wanaosubiri waajiri, kisha nikapelekwa Jeddah, mtaa wa Aziziya. Huko madam akanionyesha kitanda cha baba mkwe wake, mzee aliyepooza upande mmoja. Nimwoshe, nimlishe, nimgeuze, nimpe dawa, na kufagia nifagie pia, maana ufagio haukuwa umefutwa mkatabani. Nilijaa hasira. Siku za kwanza nilimgeuza mzee wa watu kama gunia la mahindi, na ninaona haya kuandika hivyo.

Siku moja nikanung'unika kwa Kiswahili kwamba mimi sikuja huku kuwa nesi. Mzee akanijibu kwa Kiswahili, tena cha Mombasa ya zamani, alikowahi kuishi na wajomba zake baada ya Vita Kuu ya Pili.

"Hata meli yangu haikuulizwa, binti."

Ndipo nikapata habari za meli hiyo. Mzee alizaliwa Hadhramaut, akaajiriwa Aden kama mpishi msaidizi kwenye meli ya Waingereza iliyobeba ngano. Vita vilipopamba moto, nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli za mizigo moja baada ya nyingine, na manowari za kuzilinda hazikutosha. Basi meli yao ikapelekwa kwa mafundi. Wakakata vyote vya juu, wakaitandika sitaha ndefu ya chuma ya kurukia ndege, wakaipa ndege nne za kulinda msafara. Tumboni ngano ilibaki palepale, na mabaharia wakawa walewale wa mizigo, wakipikia marubani. Ndege zenyewe, alisema akicheka, zilikuwa na mabawa mawili-mawili yaliyovikwa kitambaa, utadhani zimeshonwa na fundi cherehani. Nilicheka naye. Tangu siku hiyo nikawa namwosha polepole, nikimwita babu.

Simu yangu ilikaa kwa madam, nami nilipewa kila Ijumaa baada ya sala ya mchana. Nilikuwa nikiipiga namba ya mama, Taita. Alikuwa na ugonjwa wa figo, na dawa zake ndizo zilizonipeleka Saudia. Nilikuwa nimebakiza miezi minne ya mkataba, na nilichomwomba Mungu ni kimoja tu, nimkute hai.

Ijumaa moja dada yangu akapokea, akasema mama ako kliniki. Ijumaa ya pili ameenda kwa shangazi. Ya tatu amechoka, hataki kusumbuliwa. Nilimsimulia mzee nikilalamika tu, kama mtu anayelalamikia mtandao mbovu. Akanieleza jambo ambalo, alisema, hata wanawe hawakuwahi kulisikia.

Ndege moja ilirudi kutoka doria ikakuta ukungu umeifunika bahari yote. Waliisikia juu yao ikizunguka, ikiita kwa redio. Nahodha alikataza kujibu, akakataza na taa, nyambizi zisije zikajua walipo. Mabaharia wote walisimama wakisikiliza, mpaka mlio ukakatika. Ndani mlikuwa na watu watatu.

"Mmoja wao nalimpa chai asubuhi ile," akasema. "Tulimsikia, hatukumjibu, na tulikuwa twampenda. Ijumaa usiulize mamako yuko wapi. Uliza amezikwa lini."

Nilimwambia ana roho mbaya. Mchana ule nilimwekea sahani mbali na mkono wake mzima, nikatoka, ikabidi madam aniite.

Lakini nilijua anasema kweli. Kwetu mtu aliye ng'ambo haambiwi msiba. Anangojwa mpaka arudi, aketishwe, ashikwe mikono, ndipo aambiwe. Mimi mwenyewe nilimficha binamu yangu aliyekuwa Qatar kifo cha baba yake. Kila alipopiga nilimwambia baba ako shambani, nikajisifu moyoni kwa kumwonea huruma. Mila niliijua, nikaitumia, na ilipogeuka kwangu sikuitambua. Mkuki kwa nguruwe.

Ijumaa iliyofuata nikauliza kama nilivyoagizwa. Nikasikia dada analia. Mama alikuwa kaburini wiki ya nne, kando ya baba.

"Ni yeye alikataza uambiwe," dada akasema. "Alisema utataka kurudi, hao watu wakukatalie, uteseke bure."

Nilimuuliza kwa nini basi simu ya mama ilikuwa ikiita kila Ijumaa. Akasema alikuwa akiichaji kila Alhamisi, ili nikipiga nisishtuke.

Nikamwambia asiichaji tena. Madam alikuwa amesimama mlangoni amenyoosha mkono, muda wangu umekwisha, nikampa simu.