Halua kwa Maumivu ya Goti

"Bibi, nikipungua nitacheza tena nage?"

Aliyeuliza ni mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, kwenye benchi la kliniki, huku macho yake yakiwa dirishani. Nje wasichana walikuwa wakikwepa mpira. Bibi yake alifungua kikapu, akammegea halua.

"Ana baridi yabisi. Goti likimuuma nampa hii, anyamaze," alituambia sisi tuliokuwa tukisubiri naye foleni.

Mama wa pembeni akacheka. "Baridi yabisi ni ya wazee, Bi mkubwa! Huyu kashiba tu, mashallah."

Nikachemka. Chuoni mimi ndiye mwenye mdomo kwenye midahalo, lakini daktari aliyetoka kumwita mtoto alinitangulia.

"Watoto nao huugua viungo, mama. Na mafuta ya mwili si mzigo kwa goti tu. Huweza kuchochea uvimbe wenyewe wa viungo. Lakini kosa si la mtoto. Maumivu yamemkalisha, na dawa humtia njaa. Acheze, kidogo kidogo."

Bibi aliitazama ile halua kama mtu aliyesalitiwa na mapenzi yake mwenyewe, kisha akanisukumia mimi. "Basi kula weye, mkavu kama ufito."

Nilikula, nimewakasirikia wote, nami nimo. Tulimtazama mtoto tumbo, tusiyatazame mabega yake. Yalikuwa yakikwepa mpira ambao hakurushiwa.

Msomaji, mtaani kwenu akiwapo mtoto kama huyu, naomba umwite uwanjani, umrushie mpira taratibu.