Kicheko cha Zabibu

Nakumbuka mchana mmoja pale kijijini kwetu Swima, kando ya ziwa, mwanangu, nilirudi kutoka shule nikatupa mfuko wangu kando ya ndagala waliokuwa wakikauka juu ya mchanga. Bibi yangu, tuliyemwita Tate, alikuwa akiwageuza hao samaki wadogo huku akifukuza kuku. Hakuuliza habari za shule. Uso wangu ulimtosha.

"Kesho ninamuambia mwalimu amutoe Zabibu," nikasema.

Zabibu alikuwa mwenzangu wa benchi. Mwalimu alikuwa ametuchagua sisi wawili tusimame mbele ya wazazi siku ya kufunga mwaka, tuigize mazungumzo ya Kifaransa: mimi muuzaji, yeye mnunuzi. Lakini kwenye mazoezi, kila nilipofungua mdomo, Zabibu alicheka, na darasa zima likamfuata.

"Ananizarau. Niko na hasira sana, Tate!"

Tate akaendelea kugeuza samaki. "Hiyo hasira iko wapi? Kwa mikono?"

Nikajichunguza. Mikono ilikuwa baridi. "Iko kwa tumbo. Kama maji yanatembea."

"Basi hiyo ni woga, mutoto wangu. Unaogopa bazazi batakucheka. Na Zabibu, yeye anasikia nini ndani?"

"Sijui."

"Haujui, na tayari unamufukuza?"

Asubuhi sikwenda kwa mwalimu. Nilimwuliza Zabibu mwenyewe kwa nini ananicheka. Akanikodolea macho.

"Nikucheke we? Mi naogopa! Nikiogopa, kicheko kinatoka chenyewe. Hata kwenye matanga ya babu, bamama balinitoa inje!"

Akaanza kucheka tena, nami nikacheka mpaka machozi.

Siku ya wazazi ikafika. Nilipotoa salamu tu, mabega ya Zabibu yakaanza kutetemeka. Nilimshika mkono, nikamnong'oneza: "Mi pia tumbo linatembea." Akavuta pumzi, kisha akaniuliza bei ya nyanya kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Tate, ambaye hakujua neno hata moja la Kifaransa, alipiga vigelegele kabla hatujamaliza.

Leo Zabibu ni bibi kama mimi, na muuguzi akimjia na sindano, yeye bado hucheka.

Kwa hiyo, mwanangu, moyo ukichafuka shuleni, kaa kidogo kwanza. Sikiliza mwili wako, ukipe jina kile unachokisikia. Mara nyingi tunaita hasira kitu ambacho ni woga, au aibu, au njaa tu. Halafu mwenzako usimjibie moyoni mwako. Muulize kwa upole, na akikueleza, mwamini. Yule anayenyamaza huenda hana kiburi, na yule anayecheka huenda anatetemeka kuliko wewe. Ukikosea kumwelewa mtu, usijichukie. Rudi umuulize tena.

Nenda shule kwa amani. Mungu akujalie benchi lenye rafiki, na siku tumbo lako litakapotembea, akuwekee karibu mkono wa kushika.