Barua ya Radhi na Mbuzi wa Shangazi

Nakumbuka barua moja, mwanangu. Ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na ilimpotezea shangazi yangu mbuzi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepanga chumba mjini, mtaa wa Miyuji, na nina kazi ya mkataba iliyonipa meza, kiti na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kitambulisho hicho nilikivaa hadi sokoni. Jumamosi moja shangazi Nyemo, dada yake baba, akaja kutoka kijijini kwao, upande wa Mvumi, na mfuko wa karanga na karatasi aliyoikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Karatasi ilitoka ofisi ya wilaya. Ilisema kwamba katika mpango wa ruzuku kwa kaya maskini, Nyemo Chibago amelipwa mara mbili kwa vipindi vitatu. Arejeshe zilizozidi, na malipo yake yamesimamishwa mpaka amalize.

Ruzuku yenyewe haikuwa kubwa, lakini ndiyo iliyomnunulia mahindi mvua zilipogoma, na ndiyo iliyowavika sare wajukuu wawili aliokuwa akiwalea. Zaidi ya hiyo alikuwa na mbuzi wanne, basi.

Niliona aibu. Ningependa kukuambia nilimwonea huruma, lakini kilichotangulia ni aibu: ndugu yangu yumo kwenye orodha ya maskini, na sasa yumo kwenye orodha ya wadaiwa.

"Ngoja nikueleze, baba," shangazi alianza. "Huko nyuma, kijiji kilipogawanywa..."

"Usihangaike, shangazi. Hii niachie mimi."

Nikaandika kurasa tatu. Nyumbani tulilelewa hivi: ukimwendea mkubwa na shida, unatanguliza radhi. Hata ukikanyagwa mguu, unaweza kujikuta wewe ndiye unayesema samahani. Kwa hiyo aya yangu ya kwanza ilisema familia inasikitika sana kwa kosa lililotokea na iko tayari kurejesha fedha hizo kidogo kidogo. Nilidhani sentensi hiyo ingemlainisha yeyote atakayeisoma. Nikamshauri shangazi auze mbuzi mmoja, tutoe malipo ya kwanza kuonyesha nia njema.

Alijifunga kanga yake vizuri. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. Wiki ile mbuzi akaenda mnadani.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Walitushukuru kwa kukiri, wakapanga tarehe za kumalizia deni. Hapo ndipo nilipokwenda na shangazi ofisini, nia yangu ikiwa kuomba tuongezewe muda. Afisa alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi? Barua tamu hiyo! Nimewasomea wenzangu wakati wa chai. Wadaiwa wote wangekuwa na ndugu kama wewe, tungefunga ofisi saa nne."

Nilicheka, kwa kuwa sikujua la kufanya. Shangazi hakucheka. Aliinama kidogo mbele ya meza.

"Mwanangu, huyo aliyelipwa mara ya pili, alitia dole au aliandika?"

Yule mama akafungua faili. Kwenye orodha moja ya malipo palikuwa na alama ya dole gumba, wino wa zambarau. Kwenye ya pili jina lilikuwa limeandikwa kwa kalamu, mwandiko wa kupendeza kuliko wangu.

"Mimi kalamu sijawahi kuishika," shangazi akasema. "Huyo ni Nyemo mwenzangu, binti wa baba mkubwa. Sote tulipewa jina la bibi, na Chibago ni babu yetu. Kijiji kilipogawanywa yeye alibaki kule, mimi nikaangukia kijiji kipya. Naye wamemsimamishia. Ila yeye hana msomi, kwa hiyo mbuzi wake wapo wote."

Miwani ilishuka machoni. "Mama, mbona hukusema mapema?"

"Nilianza kusema. Huyu akaniambia nimwachie."

Kurekebisha kulichukua miezi. Barua yangu ya radhi ilikuwa ndani ya faili, na kila aliyelifungua alikutana nayo kwanza. Mwishowe akina Nyemo wote wawili walirudishiwa ruzuku, na fedha tulizolipa zikarudi. Mbuzi hakurudi. Alikuwa na mimba.

Siku ile ya ofisini, tukisubiri gari la kumrudisha nyumbani, shangazi aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini. "Uliniombea radhi, baba. Mimi nilikosa nini?"

Gari lilipofika nikampandisha, nikamlipia nauli.

Kwa hiyo, mwanangu, karatasi ya namna hiyo ikiingia nyumbani kwenu, usikimbilie kalamu. Keti na mwenye jina, umwache aseme mpaka amalize, hata kama anaanzia kwa bibi yake. Kisha nenda ofisini, uombe kuonyeshwa mahali aliposaini. Usiwatukane utakaowakuta, wana mafaili mengi, na wengi wao watakusaidia ukiwapa ushahidi wa kushika. Utakachoandika kiwe kifupi, na nakala yako igongwe muhuri. Heshima yako yote iweke kwenye salamu. Deni ambalo hujaonyeshwa usilikiri, wala usilikiri kwa niaba ya mtu aliye hai na mwenye mdomo wake.

Mungu akutunzie jina lako, mwanangu. Na siku likichanganywa na la mwingine, akujalie mtu atakayekuuliza kwanza, kabla hajakuombea radhi.