Nyumba ya Saba

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kubisha hodi kwa watu asiowajua na kuwauliza mambo yasiyomhusu. Mtaani walimwita Bibi Dodoso, kwa ajili ya zile karatasi za maswali alizobeba kwenye mkoba wa begani, pamoja na kalamu tatu na kandambili za akiba. Alishauliza watu kuhusu sabuni, kuhusu redio, hata kuhusu mara ngapi wanacheka kwa wiki. Nyumbani nako tabia ilimganda. Mumewe akionja chakula tu, anaulizwa: ameridhika sana, ameridhika kiasi, au hana maoni? Mume alikuwa fundi cherehani na mtu mwenye akili zake. Siku zote aliridhika sana.

Ofisi ya utafiti ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na ilikuwa na madaktari wawili, wote wa vitabu, si wa sindano. Wa kwanza, mtu mzima mwenye miwani, wafanyakazi walimwita Bwana Asilimia. Yeye aliamini ukweli uko nje kama jiwe barabarani: ulipende usilipende, lipo, na kazi ya mtafiti ni kulipima bila kulisogeza. Wa pili, mwanamke mdogo kwa umri, aliitwa Bi Simulizi. Yeye alisema mambo ya watu si mawe. Maana yake huzaliwa watu wanapoongea, na anayeuliza naye yumo ndani ya jibu. Walishirikiana birika la chai na hawakushirikiana kitu kingine.

Basi shule ya msingi ya jirani ikaleta shida yake. Wanafunzi mia sita, lakini kwenye vikao vya wazazi hawafiki watu arobaini. Kwa nini? Bwana Asilimia akatunga dodoso, akamwita Bibi Dodoso.

"Soma swali kama lilivyoandikwa," alimwambia. "Usitabasamu, usigune, usitikise kichwa. Wewe ni rula tu."

"Na nikikaribishwa chai, Daktari?"

"Rula hainywi chai, Mama."

Utaratibu ulikuwa kuingia kila nyumba ya saba. Siku ya tatu alihesabu, akajikuta mbele ya mlango wa kijani uliobanduka rangi. Wake mwenyewe. Alirudi mwanzo wa mtaa akahesabu upya, akaishia palepale. Akapiga simu.

"Nyumba ni nyumba," alisema Bwana Asilimia. "Ukiiruka unaniharibia sampuli."

Akabisha hodi. Mumewe alifungua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Umesahau ufunguo?"

"Habari za leo. Natoka ofisi ya utafiti."

"Najua unatoka wapi. Umetoka hapa hapa asubuhi."

"Una uhusiano gani na mwanafunzi wa darasa la nne anayeishi humu?"

"Si unajua wewe!"

"Sina ruhusa ya kujua."

"Baba yake. Labda kama una habari nyingine."

Bibi Dodoso aliuma mdomo asicheke, akasoma swali la tisa. Kwa nini huhudhurii vikao? A, sina muda. B, shule iko mbali. C, sioni umuhimu.

"A," alisema mume. "Sina muda."

Nyuma yake cherehani ilikuwa imefunikwa, na juu ya kochi kulikuwa na gazeti lililokunjwa kwenye fumbo la maneno, limejazwa nusu. Rula haigombani. Aliandika A, kalamu nusura itoboe karatasi.

Asilimia sabini na moja walijibu A. Bwana Asilimia akashauri vikao vihamishiwe Jumamosi, shule ikakubali, na Jumamosi ya kwanza wakaja wazazi thelathini na wanane. Alirudia hesabu zake siku mbili. Hesabu hazikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomuumiza.

Bi Simulizi akapata nafasi yake. "Shikamoo, Mama," alisema. "Naomba urudi nyumba zile zile, bila karatasi. Kaa nao. Waombe wakusimulie mara ya mwisho walipokwenda shuleni. Na chai unywe."

Bibi Dodoso alianzia kwake, maana ndiko kulikomchoma roho. Alivuta kigoda karibu na cherehani, akauliza, akanyamaza. Mume alishona mshono mzima wa suruali kabla ya kufungua mdomo.

"Tulikaa darasa la kwanza," alisema. "Yale madawati madogo, kiti na meza vimeungana. Mimi na mwili huu. Mwalimu mkuu akasema kila mzazi asimame ajitambulishe. Nikasimama, nikainuka na dawati zima. Watu walicheka! Nusu yao nimewapima viuno, nami sijawahi kumcheka mtu. Mwalimu akagonga meza kwa fimbo ya ubaoni: 'Kimya, watoto!' Mimi nina miaka hamsini na moja, mama watoto."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuja na herufi tatu. Ningechagua ipi?"

"Ningekuuliza kama mkeo, je?"

"Ningekudanganya vizuri zaidi."

"Na leo?"

Alikata uzi kwa meno. "Leo umekaa."

Kwenye nyumba nyingine alisikia ya bibi mmoja aliyekaa kwenye dawati kama hilo na magoti yakakataa kumwinua, na ya mama aliyepewa tangazo alisome kwa sauti, asijue kusoma, akasingizia kikohozi. Hadithi tisa zilimpa kidokezo kimoja: watu wazima walikuwa wakirudishwa udogoni.

Ofisini palichimbika.

"Tisa si idadi," alisema Bwana Asilimia. "Huyo fundi mwenyewe alikwama mara ngapi?"

"Mara moja, Daktari," alisema Bibi Dodoso kutoka mlangoni. "Ilimtosha."

Bi Simulizi alitabasamu, lakini Bibi Dodoso alimgeukia. "Na wewe, mwanangu, usishangilie. Kuna mwenye nyumba alinisimulia kikao kizima huku ananimiminia chai, kumbe hajawahi kukanyaga shuleni. Alitaka kunifurahisha tu. Mimi nadhani watu wanajibu kile ulichowapa nafasi ya kujibu, na wanamjibu huyo aliyeko mbele yao. Ongezeni D, Daktari. Na chini yake acheni nafasi tupu, pana. Ila kwangu mtume mtu mwingine."

Bwana Asilimia alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akaandika: D, mazingira ya kikao hayaniheshimu.

Dodoso jipya lilipozunguka, asilimia hamsini na nane walichagua D. Bwana Asilimia alichangamka kana kwamba alikuwa amelijua jambo hilo tangu mwanzo. Bi Simulizi alinuna siku nzima, kwamba hadithi zake tisa zimegeuka herufi moja, mpaka alipoanza kusoma yale ambayo watu walikuwa wamejazia kwenye nafasi tupu. Ripoti ilitoka na majina yao yote mawili. Nani atangulie, walibishana wiki nzima.

Shule iliazima viti vya watu wazima, na mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwaomba radhi wazazi huku akitazama viatu vyake. Walikuja mia moja na sitini. Fundi alivaa koti alilojishonea, akakaa mstari wa pili, na ulipofika wakati wa maswali akanyoosha mkono.

"Mwalimu, darasa la nne watoto watano wanatumia kitabu kimoja cha hesabu. Kwa nini?"

Mwalimu mkuu alikohoa. Wazazi wengine wakadakia, kila mmoja na lake, na Bibi Dodoso, aliyekaa nyuma bila karatasi wala kalamu, alisogeza kiti chake mbele ili asikie vizuri.